Subaru au Toyota: kilimia na mtambo wa kufuma

"Shikamoo mjomba. Forester au Harrier?"

Ndivyo ulivyoingia ujumbe wa mpwa wangu, saa tatu usiku, bila habari za huko wala salamu za nyumbani. Forester ni ya Subaru, Harrier ni ya Toyota. Yuko Tukuyu, kazi yake ni kuwazungukia wakulima wa parachichi wa Rungwe, na miaka yote hii amekuwa akizunguka kwa pikipiki. Sasa amejikusanya. Fedha aliyonayo inatosha gari moja lililotumika kutoka Japani, la umri wa kati, si la kufuru. Nikamwitikia marahaba, nikamwomba siku mbili. Zimepita wiki mbili na jibu limegoma kuenea kwenye ujumbe wa simu, kwa hiyo naliandika kwa urefu wake, maana si yeye peke yake anayelala na swali hili.

Nikiri mapema: mimi ni mtu wa Toyota kwa mazoea na mtu wa Subaru kwa moyo. Ukiona mahali naibana Subaru kuliko inavyostahili, najibana mwenyewe nisije nikamponza mtoto wa dada yangu.

Mtaani sifa zimeshagawanywa. Toyota haifi, spea zake unazipata hata kwa muuza nyanya, na siku ya kuuza unauza kabla chai haijapoa. Subaru inakimbia, inashika barabara, inakunywa, na ipo siku itaunguza gasketi. Kila mtu anazijua hizi, hata asiyemiliki baiskeli. Ninachotaka ni kuzifuata hadi zilikotoka, tuone ipi bado ina ukweli kwa gari ambalo mtu ataliona yadi leo.

Zilikozaliwa

Kwa Kijapani, subaru ni kile kikundi cha nyota ambacho sisi tunakiita kilimia. Wazee wa pwani walikitazama kujua msimu: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ukiiangalia nembo ya gari utaziona nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Kubwa ni Fuji Heavy Industries, kampuni iliyoundwa mwaka 1953, na ndogo ni zile tano zilizoungana kuijenga. Jina la kampuni lenyewe halikuwa Subaru hadi Aprili 2017. Kabla ya hapo Subaru lilikuwa jina la magari tu.

Lakini mizizi inakwenda nyuma zaidi, hadi 1917, katika mji wa Ota, mkoa wa Gunma, ambako Chikuhei Nakajima alianzisha kiwanda cha ndege. Nakajima ndio waliotengeneza ndege ya kivita Hayabusa, na injini yao ya Sakae ndiyo iliyokuwa ndani ya Zero, ndege iliyoundwa na Mitsubishi. Japani iliposhindwa vita mwaka 1945 ikapigwa marufuku kutengeneza ndege, na wahandisi wale wakabaki na vipaji vyao mkononi. Mwaka 1946 wakatoa skuta iliyoitwa Rabbit, na zile za mwanzo zilifungwa magurudumu ya mkiani ya ndege za mabomu yaliyobaki stoo. Huwa nalikumbuka hilo kila nikiona kijana wa gereji anatoa kipuri kwenye gari moja na kukilazimisha kwenye jingine. Hata Subaru ilianza hivyo.

Mwaka 1958 ikaja Subaru 360, kigari kidogo kama kobe, chini ya usimamizi wa Shinroku Momose, mhandisi aliyetoka kwenye injini za ndege. Momose huyohuyo ndiye aliyesimamia Subaru 1000 ya mwaka 1966, gari la kwanza la kampuni kuwa na injini ya boksa: silinda zimelala kushoto na kulia, pistoni zinakwenda na kurudi kama mabondia wanaogusanisha ngumi kabla ya pambano. Injini ikilala, uzito unashuka chini. Uzito ukishuka, gari halilewi kwenye kona.

Kuvuta kwa magurudumu yote manne kulikuja kwa njia ambayo mpwa wangu angeipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya umeme ya kaskazini mwa Japani, Tohoku, ilitaka gari la kuwafikisha mafundi kwenye nyaya milimani wakati wa theluji, lenye starehe kuliko jipu. Wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi wakachukua gari la kawaida la kampuni, wakalifunga difu ya nyuma (inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) ya Nissan Bluebird, likaenda. Kiwanda kikaona. Mwaka 1972 ikatoka Leone ya kubebea mizigo yenye kuvuta kote. Kwa maneno mengine, sifa ya Subaru kwenye utelezi ilianzia kwa watu wa kazi, mafundi wa umeme wenye baridi vidoleni, kabla vijana wa mabomba ya kelele hawajaichukua.

Toyota ilianzia kwenye nguo. Sakichi Toyoda alikuwa mtu wa mitambo ya kufuma, na mtambo wake maarufu, wa mwaka 1924, ulikuwa na tabia moja ya ajabu: uzi wa mtande ukikatika, unasimama wenyewe. Hauendelei kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu agundue jioni. Mwaka 1929 haki za mtambo huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwanawe, Kiichiro, akaingia kwenye magari. Toyota Motor iliandikishwa Agosti 1937. Jina lilibadilishwa kutoka Toyoda hadi Toyota kwa sababu, pamoja na nyingine, kwa maandishi ya Kijapani linaandikwa kwa mikwaju minane, na nane kwao ni namba ya heri.

Mwaka 1950 kampuni ilikaribia kufa. Madeni, mgomo, watu kuachishwa kazi, Kiichiro akajiuzulu. Kilichoiokoa ni oda za malori kwa ajili ya vita vya Korea. Katika miaka ya njaa ile ndipo mhandisi wake, Taiichi Ohno, alipojenga utaratibu ambao sasa unafundishwa vyuoni: usitengeneze kisichohitajika, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro avute kamba, mstari wote usimame. Ni ule mtambo wa kufuma tena, safari hii kwa chuma. Corolla ikatoka 1966, Hiace 1967, Hilux 1968, na wewe uliyepanda kipanya Dar es Salaam unajua hadithi iliyobaki.

Hapo ndipo ninapoziona tabia mbili tofauti. Mhandisi wa ndege anajiuliza chombo kitakaaje kikiinama. Mfumaji anajiuliza itakuwaje uzi ukikatika. Ukikaa ndani ya Forester kisha ukahamia Harrier, bado unaziona tabia hizo, miaka mia moja baadaye.

Vumbi la Safari

Afrika Mashariki haikuzijua kampuni hizi kwa vitabu. Ilizijua kwa Safari Rally. Toyota ilishinda 1984, 1985 na 1986, kisha 1990, halafu mfululizo 1992 hadi 1995. Ule wa 1994 ulikuwa wa Mkenya, Ian Duncan, ndani ya Celica. Na tangu Safari irudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, hadi 2025 Toyota imeondoka na ushindi kila mwaka; 2022 na 2023 ilichukua nafasi nne za juu zote.

Subaru ilishinda Safari ya ubingwa wa dunia mara mbili, kwa Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Mara mbili tu. Lakini muulize mtu wa Nairobi wa rika langu, atakuhadithia ile Impreza ya buluu na njano utadhani ilishinda kila Pasaka. Sehemu ya mapenzi hayo ilitoka kwenye ubingwa wa dunia wenyewe, ambako Subaru ilitwaa taji la watengenezaji 1995, 1996 na 1997, na madereva wake McRae, Richard Burns na Petter Solberg wakawa mabingwa 1995, 2001 na 2003. Sehemu nyingine ni mlio. Na sehemu nyingine ni Patrick Njiru, Mkenya, aliyeiingiza Subaru Vivio kwenye Safari ya 1993, kigari cha sentimita za ujazo 660, injini ndogo kuliko za pikipiki fulani, akamaliza wa 12. Kuna watu walioipenda Subaru siku ile na hawajaiacha hadi leo.

Haya yote yanafurahisha, na hayakusaidii kitu ukiwa yadi. Gari la mashindano linabomolewa na kuungwa upya kila jioni na jeshi la mafundi. Wewe una fundi mmoja, na Jumapili yuko kanisani.

Boneti ikifunguliwa

Mwezi uliopita nilikaa nusu siku kwenye gereji moja ya uwazi, chini ya mwembe, nikitazama tu. Kulikuwa na Harrier na Forester, zote zinabadilishiwa plagi, hakuna aliyeharibikiwa. Kwenye Harrier fundi aliondoa kifuniko cha plastiki, akashika spana namba 10, akafungua koili nne zilizojipanga juu ya injini kama chupa kwenye kreti, akachomoa plagi, akaweka mpya. Alikuwa anaongea na simu muda wote, ameibana kwa bega.

Kwenye Forester simu iliwekwa pembeni. Plagi ziko ubavuni, zinatazamana na chuma cha bodi, na nafasi iliyobaki ni ya kiganja. Akatoa betri upande mmoja, akatoa boksi la chujio la hewa upande wa pili, akaunganisha vipande vitatu vya kirefushio cha spana, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kufumba macho. Kweli, alifumba. "Hapa unaona kwa vidole," aliniambia. Alipomaliza alikuwa na mchubuko kwenye fundo la kidole cha kati, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Harrier. Sikumlaumu.

Kwa haki niseme: kwenye injini mpya za Subaru, za familia ya FB, chujio la oili limewekwa juu kabisa, mbele, unalifungua ukiwa umesimama na shati jeupe. Laiti kila kitu kingekaa hapo.

Mfano huu mdogo unabeba tofauti nzima ya matunzo. Subaru haihitaji muujiza, inahitaji fundi anayeijua na mwenye subira. Toyota inavumilia hata fundi aliyejifunza jana.

Hii habari ya gasketi

Hii ndiyo sifa mbaya kuu, na ndiyo iliyopotoshwa zaidi. Kelele nyingi za gasketi ya silinda hedi, kile kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini, zilitoka Amerika Kaskazini, kwenye injini ya lita 2.5, EJ25 isiyo na turbo, iliyokuwa kwenye Legacy, Outback na Forester zilizouzwa kule mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Zile zilivuja kweli. Forester nyingi zilizokuja kwetu kutoka Japani zina EJ20, lita 2.0, ambayo haina rekodi mbaya kiasi hicho.

Basi kwa nini na hapa zinaunguza? Jibu langu ni maji ya bomba. Boksa ina silinda hedi mbili, hivyo gasketi mbili, na kwa kuwa imelala, hewa hupenda kujificha ndani ya njia za maji. Rejeta ikijazwa haraka haraka bila kutoa hewa, gari linachemka huku rejeta ikionekana imejaa. Ongeza hapo dereva anayetia maji matupu badala ya kipozeo kwa miaka mitatu, kutu ikaanza kula, feni moja ikafa bila yeye kujua, halafu apande mlima na mzigo. Toyota ingeweza kumsamehe mara mbili. Subaru humsamehe mara moja, kama ikiwa na siku nzuri.

Jambo la pili kwenye familia hiyo ya EJ ni mkanda wa taimingi, unaoziendesha valvu kwa wakati wake. Unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kwa kuwa kilomita za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma na watu wasiomwogopa Mungu, mimi ningeubadilisha siku ya kununua, pamoja na pampu ya maji, bila kuuliza. Injini za FB zilizoanza kwenye Forester mwishoni mwa 2010 zina cheni, na tatizo hilo likaondoka. Likaja jingine: baadhi ya FB za mwanzo zilikunywa oili, hadi wamiliki Marekani wakafungua shauri la pamoja, likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2016. Dawa yake ni kijiti cha kupimia oili, kila Jumamosi, bila kukosa.

Na Toyota je, ni malaika?

Hapana. Harrier ile watu wanayoiita tako la nyani, na RAV4 ya kizazi cha 2005, nyingi zina injini ya 2AZ, lita 2.4. Za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa na ugonjwa wa nyuzi za bolti za silinda hedi kulika kwenye bloku, upande wa nyuma, mahali usipopaona. Zile za kati ya 2006 na 2009 zina ringi za pistoni zinazoruhusu oili kupita, na Toyota yenyewe ilirefusha dhamana kwa baadhi ya magari ya Marekani kwa ajili hiyo. Ni ugonjwa uleule wa kunywa oili ambao watu wanaubandika kwa Subaru. Sijawahi kumsikia mtu akisema "Harrier inakunywa oili" kwa sauti ileile anayosema "Subaru inakunywa oili". Jina zuri hung'arisha.

Na kwa upande wa kampuni, mwaka 2009 na 2010 Toyota iliita mamilioni ya magari kwa sababu ya mazulia yanayokamata pedali na pedali zinazonata, rais wake wa wakati huo, Akio Toyoda, akaenda kuhojiwa na Bunge la Marekani, na mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapa watu habari zisizo kamili. Daihatsu, iliyo chini yake, ilikiri Desemba 2023 kuchakachua vipimo vya usalama. Subaru nayo, mwaka 2017, iligundulika inaruhusu watu wasio na cheti kufanya ukaguzi wa mwisho kiwandani. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, iliwagusa wote wawili. Ukinunua gari la miaka ile, uliza kama mifuko ilibadilishwa, maana hilo ni suala la uhai.

Jambo jingine linalowakera mashabiki wa pande zote: hawa si maadui. Toyota ilianza kununua hisa za kampuni ya Subaru mwaka 2005, na sasa inamiliki karibu asilimia 20. Toyota 86 na Subaru BRZ za mwaka 2012 ni gari moja lenye nembo mbili, injini ya boksa kutoka Gunma, teknolojia ya kuingiza mafuta kutoka Toyota. Baadhi ya Camry za Marekani zilikuwa zikiungwa kwenye kiwanda cha Subaru, Indiana, kwa karibu miaka kumi. Mkigombana kijiweni, jueni wenyewe wanakula sahani moja.

Kuvuta kote: soma chasisi, usisome nembo

Hapa ndipo watu wengi wa milimani wanapotapeliwa, na mara nyingine muuzaji mwenyewe hajui. Harrier na RAV4 kuwa na umbo la kupanda mlima haina maana zinavuta kwa magurudumu manne. Nyingi zilizotoka Japani zinavuta mbele tu. Namba ya chasisi ndiyo inayosema ukweli. Harrier tako la nyani ya lita 2.4: ACU30 inavuta mbele, ACU35 inavuta kote. Harrier iliyofuata, ile wanayoiita anakonda, ya lita 2.0 iliyotoka 2013: ZSU60 mbele, ZSU65 kote. RAV4 ya lita 2.4: ACA36 mbele, ACA31 kote. Nakili kwenye karatasi, tia mfukoni.

Na hata zile zinazovuta kote, kwa kawaida zinaendeshwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma huitwa pale ya mbele yanapoteleza. Kwenye lami yenye mvua huoni tofauti. Kwenye kilima cha udongo wa Rungwe mwezi wa nne, ile nusu sekunde ya kusubiri ndiyo inayokupeleka mtaroni.

Forester za Japani zote zinavuta kote, na nguvu iko nyuma kabla hujateleza. Hapo sina ubishi na mtu, ndiyo sababu kubwa ya kuinunua. Forester ya kizazi cha 2012 imeinuka milimita 220 kutoka chini, Harrier iko chini ya hapo. Lakini usidhani kila Subaru iko hivyo: Impreza za 1.5 na 1.6 zipo zinazovuta mbele tu, na mtu anauziwa kwa bei ya jina.

Kwa Forester chasisi inakwambia pia injini. Kizazi cha 2007 hadi 2012 kisicho na turbo: SH5 ni EJ20 yenye mkanda, SHJ ni FB20 yenye cheni, na zote mbili zina giaboksi ya kawaida ya gia nne, ya kizamani, inayokula mafuta zaidi kidogo lakini haina maringo. Kizazi kilichofuata, SJ5, kina FB20 na giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua. Harrier anakonda ya lita 2.0 nayo ina CVT. Kwa zote mbili, fundi akikwambia "oili ya giaboksi ni oili tu," mshukuru, mlipe alichofanya, ondoka. CVT ikiwekewa oili isiyo yake, haichukui muda kukuonyesha.

Za turbo, SJG na ndugu zake, mpwa wangu sitamjadilia. Ana umri ule.

Spea, ushuru na siku ya kuuza

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu hakuna ushindani. Spea za Toyota ziko kila mji wenye stendi. Bushi, shokapu, rejeta, taa, mpya na za mtumba, za asili na za kuigiza, unachagua kulingana na mfuko. Za Subaru unazipata Dar es Salaam, na Nairobi ni tele zaidi kwa sababu Wakenya wameipenda kwa wingi. Ukiwa Tukuyu maana yake ni kupiga simu, kutuma picha ya kipuri, kutuma fedha, na kusubiri kifurushi kwenye basi. Siku mbili, tatu. Mtu wa kazi anazihesabu siku hizo.

Kuuza: Toyota inauzika kama sukari. Subaru inasubiri mteja wake, na akija ni mjuzi, anakagua kuliko TRA.

Kuhusu umri: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo msomaji wa kule anayetaka SHJ ataipata mkononi mwa mtu tu, si melini. Tanzania inaruhusu, ila gari likivuka miaka minane ushuru unapanda, likivuka kumi unapanda tena. Piga hesabu ya gari likiwa limefika nyumbani, usipige ya bei ya Japani. Watu wamekwama bandarini kwa kosa hilo.

Nilivyomwambia mpwa wangu

Angekuwa anakaa Dar, Mwanza au Nairobi, anakwenda kazini na kurudi, anapeleka watoto shule, mara moja kwa mwaka anakwenda kijijini, ningemwambia achukue Toyota na asinisumbue tena. Hata inayovuta mbele tu. Angelipia nini kuburuta difu ya nyuma kwenye foleni?

Lakini huyu anapanda vilima vya parachichi miezi minane ya mvua, ana magunia ya miche nyuma, mara nyingi peke yake, mara nyingi jioni. Kwa kazi hiyo Forester ni gari bora kuliko Harrier, nasema bila kupepesa. Kuna sharti moja tu, nilimpa kabla ya yote: atafute fundi kwanza, gari baadaye. Aende Mbeya mjini, aulize ni nani anayefungua Subaru, amkute kazini, amtazame mikono. Nikamwambia amuulize swali moja: unatoaje hewa kwenye rejeta ya boksa? Akijibu bila kufikiri, tumepata. Akicheka na kusema "unajaza tu maji," basi tunatafuta RAV4 ya ACA31 au Harrier ya ZSU65, na tunafunga tairi nzuri za matope.

Alikwenda Jumamosi. Akampata mzee mmoja, Forester mbili zimepaki mbele ya gereji yake, moja haina injini. Alipomuuliza swali, mzee alimtazama kwanza, kisha akamwonyesha skrubu ndogo juu ya rejeta, akasema huku akifuta mikono: "Unafungua hii, unajaza taratibu, injini inawaka, hita imefunguliwa mpaka mwisho, na wewe huendi popote mpaka mapovu yaishe."

Jana usiku ikaja picha ya chasisi. SHJ. Rangi ya fedha, iko yadi Mbeya, kilomita zinazosemwa ni 92,000, nami siziamini. Safari hii shikamoo ilifuatwa na habari za nyumbani, kwa hiyo najua amelipenda. Nimemwambia afike kesho mapema kabla muuzaji hajaliwasha, aweke kiganja juu ya boneti, iwe baridi. Afungue mfuniko wa rejeta aone rangi ya kipozeo, na kama ni maji ya kahawia aage kwa heshima. Achomoe kijiti cha oili. Kisha aliwashe, asubiri hadi feni zote mbili zizunguke, azihesabu, ndipo azime. Mzee wa gereji amekubali kwenda naye, kwa nauli na supu.